Jinsi ya kuomba pasipoti na viza ukiwa Tanga kabla mechi ya ugenini haijapangwa

Yanga walicheza na USM Alger mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika pale Dar es Salaam tarehe 28 Mei 2023. Marudiano yakawa Algiers tarehe 3 Juni. Mwaka uliofuata, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakakutana na Mamelodi Sundowns: Dar tarehe 30 Machi, Pretoria tarehe 5 Aprili. Mara zote mbili, kati ya mechi na mechi palikuwa na siku sita. Siku sita zinatosha kuomba ruhusa kazini, kuchangishana nauli na kuaga nyumbani. Hazitoshi kuomba pasipoti kama huna hata karatasi moja mkononi.

Nayajua hayo kwa maumivu. Mei ile ya 2023 nilikuwa na nauli, nikawa na wenzangu wawili wa Ngamiani tuliokubaliana twende. Wao waliondoka. Mimi cheti changu cha kuzaliwa kilisema Rajabu, kitambulisho cha NIDA kikasema Rajab, na marehemu baba, aliyezaliwa nyumbani Pangani mikononi mwa mkunga, hakuwahi kuwa na cheti chochote. Fainali nikaiangalia kwenye kibanda umiza. Yanga walishinda 1-0 kule Algiers na kombe likabaki kwa wenyeji kwa sababu ya mabao ya ugenini, kwa kuwa Dar tulifungwa 2-1. Tangu siku hiyo kila shabiki anayeniuliza kuhusu kusafiri, awe wa Simba, wa Yanga au wa Coastal Union yetu, Wagosi wa Kaya wenyewe, namwambia aanze kutafuta karatasi leo, hata kama ratiba haijatoka.

Anza na majina, fomu baadaye

Tandika mkeka, weka juu yake kila karatasi yenye jina lako: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha shule, leseni, kadi ya benki. Soma herufi kwa herufi. Kwetu pwani majina yanaandikwa kwa sikio la aliyeshika kalamu siku hiyo: Ally na Ali, Saidi na Said, Mohamed na Mohammed, Mwanaidi na Mwanahidi. Mtaani ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa Uhamiaji ni watu wawili, na afisa hana namna ya kukuonea huruma. Angalia na mpangilio: lako, la baba, la babu. Wengine cheti kina majina mawili na NIDA ina matatu.

Tofauti ikiwa ya herufi moja au mbili, kiapo cha majina mbele ya wakili huweza kukusaidia. Ikiwa jina zima ni jingine, au mwaka wa kuzaliwa hauendani, usijaribu kupita nayo hivyo. Sahihisha kwanza kule kosa lilikozaliwa, RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa au NIDA wanaotoa vitambulisho, ndipo uguse fomu ya pasipoti. Huku ndiko muda mwingi unakoishia, kwa hiyo jipe miezi.

Asiye na cheti kabisa aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwani Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili wa vizazi na vifo, au aanzie kwenye huduma za mtandaoni za RITA. Usiende mikono mitupu. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya Serikali ya Mtaa, vyote vina uzito.

Halafu kuna karatasi ya mzazi, ambayo wengi hawaitegemei. Mwombaji wa pasipoti huonyesha cheti cha kuzaliwa cha mzazi wake, au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi huyo. Wazee wetu wengi wa Pangani, Muheza na Mkinga hawana vyeti, na hilo si kosa lao. Mzazi akiwa hai, mchukue mapema kwa wakili akaape mwenyewe, angali na nguvu na kumbukumbu. Akiwa ametangulia mbele ya haki, tafuta mkubwa wa ukoo anayeujua uzazi wake. Mimi aliyeniokoa mwishowe ni shangazi yangu, aliyetaja kijiji, mwaka na majina ya wazazi wake bila kusita.

Fomu ya pasipoti

Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Huna kompyuta, nenda steshenari, lakini kaa pembeni ya anayekujazia na usome kila mstari kabla hajabonyeza kutuma. Andaa namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20, vyeti vilivyoskaniwa vizuri, na picha ya pasipoti saizi yenye mandhari ya rangi waliyoelekeza. Tumia namba ya simu unayoishika mwenyewe. Ukiweka ya jamaa wa steshenari, ujumbe utamfikia yeye.

Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000: 20,000 za fomu hutangulia, 130,000 zinazobaki hufuata. Malipo hupitia namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, benki au kwenye simu. Hakuna shilingi inayopita mkononi mwa mtu. Akija kishoka, yaani dalali asiye rasmi, kukwambia ana njia ya haraka, muache aende zake. Anachokuuzia ni haki yako mwenyewe, na ukikutwa na karatasi ya kughushi, hutazuiwa kwenye mechi tu, utapata kesi.

Baada ya hapo unachapa fomu, unaambatanisha nakala, unabeba na vyeti halisi, unakwenda Uhamiaji mkoa. Lazima uende mwenyewe kwa sababu watachukua alama za vidole, picha na saini. Utaulizwa maswali: umezaliwa wapi, mzazi ni nani, unakwenda wapi na kwa nini. Sema unakwenda kutazama mpira. Ni sababu halali kama ya mfanyabiashara au ya mgonjwa, na ukiwa na barua ya tawi lako la klabu au ratiba ya mashindano, iweke juu. Wengine huona haya, wakaandika biashara wasiyokuwa nayo, swali la pili likawashinda.

Pasipoti hii ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hudumu miaka 10. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anahitaji yake mwenyewe pamoja na ridhaa ya mzazi au mlezi. Ukishaipata, soma jina tena pale pale dirishani. Nchi nyingi hutaka iwe imebakiza miezi sita siku ya kuingia, kwa hiyo yenye mwaka wa mwisho anza kuifikiria.

Kadi ya njano

Chanjo ya homa ya manjano huchanjwa mara moja. Kadi huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inatambulika maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Rudi kwenye zile siku sita uone: aliyechanjwa siku ya mechi ya kwanza, kadi yake haijaanza kufanya kazi siku ya marudiano. Kaulizie hospitali ya Bombo mapema, na hakikisha jina la kwenye kadi ni lile la kwenye pasipoti.

Viza: nchi na nchi

Afrika Kusini ndiyo rahisi kwa safari ndefu, maana Mtanzania haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90. Zambia, Zimbabwe na Botswana nazo hazituombi viza, ndiyo maana kuna wanaothubutu kwenda kwa basi kupitia Tunduma. Algeria na Misri zinahitaji viza. Na mashindano makubwa huongeza sharti lake: AFCON ya Morocco iliyoanza Desemba 2025 ilimtaka kila mtazamaji awe na kitambulisho cha shabiki, kilichoombwa kwa programu ya simu iitwayo Yalla, na tiketi peke yake haikutosha getini.

Uingereza ni habari nyingine, na najua vijana wengi wa Tanga wana ndoto ya kuingia Old Trafford au Anfield japo mara moja. Unachoomba ni viza ya mgeni wa kawaida. Unajaza mtandaoni kwa Kiingereza, unalipa kwa kadi ya benki, unapanga siku ya kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole na picha. Unaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu.

Swali analojiuliza mwamuzi wa viza ni moja: huyu atarudi? Tiketi ya mpira haijibu swali hilo. Linajibiwa na maisha yako ya Tanga: barua ya mwajiri inayotaja mshahara na likizo yako, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Taarifa ya benki ionyeshe fedha zinazoingia na kutoka kama zinavyoingia siku zote. Kukopa milioni kadhaa kwa ndugu na kuzitumbukiza kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi ni njia ya kunyimwa, kwa sababu wanauliza zimetoka wapi. Barua ya Serikali ya Mtaa na cheti chochote cha Kiswahili vitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayeweka jina lake, saini na tarehe. Watu hulisahau hili.

Kwa Hispania, Ujerumani na wenzao wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, viza ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yapelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari.

Tiketi ya uwanjani

Klabu kubwa za England huuza tiketi nyingi kwa wanachama wao, kwa hiyo lipia uanachama wa msimu kwanza. Kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai England tangu sheria ya 1994, na tiketi ya mtu wa pembeni inaweza kukataliwa getini wakati wewe umeshavuka bahari. Jingine: mechi iliyoandikwa Jumamosi huhamishwa Jumapili au Jumatatu kwa ajili ya televisheni. Subiri siku ithibitishwe, au fika siku mbili kabla na uondoke siku mbili baada.

Na saa. Tiketi ikisema 20:00, kwetu ndiyo saa mbili usiku, lakini saa mbili ya kule. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Afrika Kusini iko nyuma kwa saa moja.

Safari ya kwanza: pitia Horohoro

Mtu wa Tanga hana haja ya kuanza na ndege. AFCON ya 2027 inachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na Kenya iko kilomita 65 kutoka mjini. Kama hujawahi kutoka nje ya nchi, nenda kwanza Nairobi ukatazame mechi moja, uijue njia.

Kenya haidai viza kwa Mtanzania, wala kile kibali cha mtandaoni ilichoanzisha Januari 2024, kwa sababu sisi ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Beba pasipoti. Ambaye yake haijatoka aulize Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari, inayotolewa kwa safari za nchi jirani na ada yake ni ndogo.

Mpakani, Horohoro ya kwetu na Lunga Lunga ya Kenya ni kituo kimoja cha forodha cha pamoja. Ukienda, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia upande wa Kenya. Ukirudi, yote mawili yanafanyika upande wetu. Wageni wa njia hushtuka basi linapopita jengo la Horohoro bila kusimama, wakadhani wamevushwa kinyemela. Badilisha fedha za kukutosha kufika Mombasa tu, na uhesabu kabla hujaondoka kwa mbadilishaji. Mombasa mjini unavuka kwa kivuko cha Likoni, kisha unafuata stesheni ya Miritini, ambako treni ya Nairobi huchukua kama saa tano. Uwanja wa Nyayo uko karibu na katikati ya jiji, Kasarani uko mbali zaidi, kwa hiyo siku ya mechi toka mapema.

Kabla hujaondoka dirishani, fungua pasipoti uitazame mihuri yote miwili, tarehe na siku ulizopewa. Wakati wa kurudi fanya hivyo hivyo, hata kama konda anapiga honi na abiria wenzako wamechoka. Asiye na muhuri wa kurudi, kwenye kitabu bado yuko Kenya, na safari ijayo atatakiwa aeleze.