Dodoso la kupima mtazamo wa wanafunzi kuhusu taarifa za biashara

Anza na maneno yenyewe. Ukiandika "taarifa za biashara" bila maelezo, wapo watakaodhani unauliza matangazo ya sabuni redioni. Juu ya dodoso taja unachomaanisha: viwango vya kubadilisha fedha, bei za mazao na mafuta katika soko la dunia, ushuru wa forodha, hesabu za kampuni. Neno "utandawazi" liache. Kila mtu ana utandawazi wake.

Andika kauli 20 hivi, ukitarajia kubaki na 12. Kila kauli ijibiwe kwa ngazi tano, 1 (nakataa kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), mtindo aliouanzisha Rensis Likert mwaka 1932. Kauli moja ibebe wazo moja. "Taarifa za biashara ni muhimu na ni rahisi kuzipata" haijibiki: anayeziona muhimu lakini hana bando atajaza 3, na hiyo 3 haikuambii kitu.

Theluthi ya kauli ziwe za kinyume, la sivyo anayeweka tiki kwenye "nakubali" toka juu hadi chini bila kusoma hutamgundua. Hapa Kiswahili kina mtego. "Sioni faida ya kufuatilia bei ya kahawa New York" inamtaka mtu akatae ukanushi, na wengi hujikwaa. Andika "Kufuatilia bei ya kahawa New York ni kupoteza muda." Wakati wa kuingiza majibu ya kauli hizi, toa kila jibu kwenye 6: 2 inakuwa 4. Ukisahau, alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi majibu ya kauli zako yanavyokwenda pamoja) itaporomoka, pengine hata iwe hasi, nawe utailaumu sampuli bure.

Jaribu kwa wanafunzi 30 ambao hawatakuwemo kwenye utafiti. Alfa ya 0.70 kwenda juu inatosha. Kauli ambayo majibu yake hayaendi pamoja na jumla ya zilizobaki, yaani uwiano wao uko chini ya 0.30, itoe.

Kwa wanafunzi 600 na kosa la 5% (0.05 × 0.05 = 0.0025), fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli inatoa 600 ÷ (1 + 600 × 0.0025) = 240. Wagawe kwa uwiano wa kozi na mwaka. Ukiokota waliopo maktaba, umeshachagua wasomaji.

Mwishoni weka maswali machache ya ujuzi, mfano: bei ya kahawa ya arabika New York hutajwa kwa kipimo gani? (Senti za dola kwa ratili.) Aliyejaza 5 kila mahali akakosa yote amekupa adabu, si mtazamo. Ndiyo maana mwalimu anayewasahihishia mitihani asigawe dodoso mwenyewe, wala majina yasiandikwe.