Madoa meupe kwa samaki wa tenki, namna ninavyotibu kwenye baridi ya Mbeya

Habari zenu wafugaji wenzangu. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikishaingia huku Mbeya simu zinakuwa nyingi na shida ni ileile, samaki katoka vidoto vyeupe kama kanyunyiziwa chumvi laini, mapezi kayabana, anajisugua kwenye mawe, chakula hataki. Huyo ni mdudu anaitwa iki, kitaalamu Ichthyophthirius multifiliis, anatibika kabisa ukimuwahi.

Kabla hujashika dawa elewa anaishije, maana hapa ndo samaki wengi wanapotea. Kile kidoto unachokiona ni mdudu kajificha chini ya ngozi na hapo dawa ya kwenye maji haimfikii. Akishiba anadondoka chini kwenye changarawe, anajifunika gamba, anajigawa anatoa watoto mia kadhaa, hao wanatoka kuogelea wakitafuta samaki na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Dawa inawaua hao wanaoogelea tu. Maji yakiwa digrii 25 mzunguko wote unaisha ndani ya wiki, ila yakiwa digrii 10 unaweza kupita mwezi mzima, ndo maana huku kwetu mtu anaweka dawa siku tano anaona haifanyi kazi, kumbe mdudu bado kalala. Joto kwanza jamani.

Mimi niliwahi kupandisha mbuna kutoka Kyela, samaki wa ziwa Nyasa waliozoea maji ya digrii 24 na kuendelea, wakafika na baridi ya Tukuyu mwilini na siku ya nne wakatoka madoa. Nikatibu, siku ya tatu wakawa safi, nikazima hita nikijua wamepona. Baada ya siku nane yakarudi mengi kuliko mwanzo na wakafa kumi na moja. Mpaka leo inaniuma.

Hatua ya kwanza, hakikisha ndo wenyewe. Zima taa, mulika tochi ya simu kwa ubavuni, angalia mkia na mapezi: kidoto kimoja kimoja kilichotuna ni iki. Ukiona kama pamba hiyo ni fangasi, ukiona vumbi la dhahabu huo ni ugonjwa mwingine. Na samaki akihema haraka juu ya maji bila doa hata moja usimuache, wadudu wanaweza kuwa wameanzia kwenye matamvua.

Hatua ya pili jua lita zako, usikisie. Urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1000. Tenki la 90 kwa 40 lenye maji ya kina cha 35 ni lita 126, ukitoa mawe na changarawe chukulia 120.

Hatua ya tatu badilisha robo ya maji huku unanyonya changarawe kwa mpira, chini ndo kwenye mayai yao tuseme. Maji mapya yawe yamelala siku nzima klorini itoke na yawe na joto sawa na ya kwenye tenki. Toa mkaa kwenye filta (chujio la maji) la sivyo mkaa huo utanyonya dawa yote.

Hatua ya nne pandisha joto, digrii 1 kila masaa mawili mpaka 30. Kwa baridi yetu hita ya wati 100 haitoshi lita 120, weka ya 200, na zungushia tenki blanketi pembeni. Goldfishi usimfikishe huko, muache 24 na umtibu siku nyingi zaidi. Alafu pampu ya hewa iwake muda wote, hili nasisitiza: maji ya moto hayashiki hewa, na Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya kwenye maji tayari ni pungufu karibu moja ya tano kuliko ya mtu wa Dar. Umeme ukikatika usiku jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, funga vizuri, zielee juu.

Hatua ya tano chumvi ya mawe, gramu 2 kwa lita, kwa mfano wetu gramu 240. Yeyusha kwenye jagi, weka theluthi, subiri masaa 12, weka nyingine hivyohivyo. Kambale wadogo wasafishaji wape nusu tu. Ukibadilisha maji lita 30 rudisha gramu 60, usirudishe zote.

Dawa ya malakaiti grini nasubiri mpaka nione siku ya nne hakuna nafuu, nafuata kipimo cha kwenye chupa, glovu mkononi, chumvi ikiwemo naangalia samaki kwa ukaribu. Ila mwenye sato wa kula usiguse hiyo dawa kabisa, ina sumu inayobaki kwenye nyama.

Madoa yakipotea hesabu siku 10 kuanzia hapo ndo ushushe joto, taratibu, digrii 1 au 2 kwa siku.

Samaki mpya akae karai lake peke yake wiki tatu, na wavu wake uanike juani ukauke kabisa kabla haujaingia tenki lingine.