Somo: Kupima pikipiki kwa kompyuta, anza na waya, programu baadaye

Wakuu, habari za mihangaiko. Swali la "nimepakua programu, nimechomeka, haisomi" limejirudia mno, basi nimeona niandike yote mahali pamoja. Programu yenyewe ni kazi ya dakika tano. Kinachokula jioni nzima ni waya, draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuutambua waya) na umeme wa betri. Mtu asiyejua hilo hupakua programu nne, moja baada ya nyingine, na zote zinamkatalia kwa sababu ile ile.

Hatua ya 1: Jua pikipiki yako inaongea lugha gani

Kama ni ya kabureta, somo hili halikuhusu. Kama ni ya injekta, ina ECU, yaani kompyuta yake ndogo, na ECU hiyo huzungumza kwa njia moja kati ya mbili. Nyingi za zamani hutumia K-Line: waya mmoja tu wa data, unaopeleka na kurudisha, kwa kawaida kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde. Za karibuni hutumia CAN, nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kanuni za Ulaya za Euro 5, zilizoanza mwaka 2020 kwa aina mpya za pikipiki, zimefanya soketi ya pini 6 ya kiwango cha ISO 19689 iwe ya kawaida, mara nyingi ikiwa na rangi nyekundu. Ukiiona hiyo chini ya siti, mara nyingi unashughulika na CAN.

Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na soketi yake. Moto Guzzi za zamani, kwa mfano, zina ya pini 3, ile ile iliyotumika kwenye magari ya Fiat. Itafute chini ya siti, karibu na betri, au nyuma ya plastiki za ubavuni. Mara nyingi imefunikwa kofia ya mpira na imejaa vumbi hadi unaweza kudhani ni waya uliobaki bila kazi.

Hatua ya 2: Waya

Hapa tukae kidogo.

Waya wa K-Line si waya wa kawaida wa USB. Ndani ya kile kichwa chake kinene mna chipu inayogeuza USB kuwa mawasiliano ya mfululizo, pamoja na sakiti inayopandisha ishara hadi volti 12 za pikipiki. Chipu zinazokutwa sana ni mbili: FT232RL ya kampuni ya FTDI, na CH340. Kwa macho, nyaya hizo zinafanana kama mapacha, ila kwa programu ni vitu viwili tofauti kabisa. TuneECU ya Windows, inayotumiwa sana na wenye Triumph, KTM na Aprilia, huzungumza na chipu ya FTDI moja kwa moja kupitia draiva ya D2XX. Ukiipa CH340, kwake ni kama hujachomeka kitu.

Kuna sababu nyingine. ECU ya K-Line haianzi kuongea hovyo. Lazima ipigiwe hodi kwa mdundo wake. Hodi ya polepole hutumwa kwa kasi ya biti 5 kwa sekunde, hivyo baiti moja tu huchukua sekunde 2 nzima. Hodi ya haraka ni kushusha waya wa data kwa milisekunde 25, kisha kuuachia kwa milisekunde 25 nyingine. Waya unaochelewa au kuwahi kidogo hupiga hodi vibaya, na ECU hunyamaza kimya. Skrini itakwambia "hakuna mawasiliano", nawe utaanza kuilaumu ECU isiyo na kosa.

Hatua ya 3: Draiva na namba ya poti

Sakinisha draiva kwanza, ndipo uchomeke waya. Kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, fungua Device Manager, utazame sehemu ya Ports. Waya mzima utaonekana pale na namba yake, tuseme COM5. Uchomoe, jina lipotee. Uchomeke tena, lirudi. Kama jina halitikisiki, ulikuwa unatazama kitu kingine.

Sasa ingia kwenye sifa za poti hiyo, Port Settings, halafu Advanced. Fanya mambo mawili. Namba ya COM iteremshe iwe ndogo, kati ya 1 na 9, maana programu kadhaa za zamani hazioni zaidi ya hapo. Na pale palipoandikwa Latency Timer, ambapo FTDI huja na 16, weka 1 au 2. Hizo ni milisekunde ambazo chipu inasubiri kabla ya kuipa kompyuta ilichokipokea. Kumi na sita zinaonekana kidogo, ila kwenye mazungumzo ya kujibizana papo kwa papo zinatosha kuifanya programu ikate tamaa.

Usipitie kwenye habu ya USB. Zima pia ile tabia ya Windows ya kulaza poti za USB ili kuokoa betri.

Hatua ya 4: Umeme

Hili nililipia kwa usingizi. Jioni moja nilikuwa naunganisha, programu inasoma vizuri, na baada ya dakika tatu hivi inakatika. Nikabadilisha poti, nikasakinisha draiva upya, nikaazima laptop nyingine. Mambo yale yale. Nilipochoka nikaweka mita kwenye betri swichi ikiwa imewashwa: volti 11.6, na inateremka nikiitazama. Taa kubwa ya mbele ilikuwa inawaka muda wote, kwa sababu pikipiki ile huiwasha yenyewe ukifungua swichi. Balbu ya wati 55 hunyonya zaidi ya ampea 4. Nilitoa fyuzi ya taa, nikaweka chaja, na mawasiliano hayakukatika tena hadi nilipomaliza.

Kwa hiyo: betri iliyojaa na kutulia iwe karibu volti 12.6. Toa fyuzi ya taa ya mbele. Kama kazi ni ndefu, weka chaja.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Swichi ikiwa imezimwa, unganisha soketi ya pikipiki. Kama waya wako una vibanio vya betri, chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi. Kisha USB kwenye laptop. Hapo ndipo ufungue swichi, na kitufe chekundu cha kuzimia injini kwenye usukani kiwe upande wa kuruhusu injini. Pikipiki nyingi haziipi ECU umeme kama kitufe hicho kimezimwa, na hili limewaaibisha mafundi wengi kuliko wanavyokiri. Injini usiiwashe bado.

Kwenye programu chagua poti uliyoiona, chagua aina ya ECU, bonyeza kuunganisha. Baadhi ya ECU za zamani husikiliza hodi kwa muda mfupi tu baada ya swichi kufunguliwa. Ikikataa, zima swichi, hesabu hadi kumi, bonyeza kuunganisha, kisha fungua swichi papo hapo.

Hatua ya 6: Kusoma

Misimbo ya hitilafu ikitokea, usiifute kwanza. Ipige picha au ihifadhi. Kisha ifute, washa injini, endesha kidogo, usome tena. Itakayorudi ndiyo yako. Iliyobaki huenda ni kumbukumbu ya siku fundi alipochomoa sensa swichi ikiwa wazi.

Mfano: P0122, maana yake ishara ya sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na mkono wa mafuta) iko chini mno. Usikimbilie kununua sensa. Fungua ukurasa wa vipimo vya moja kwa moja, utazame volti ya sensa hiyo huku ukizungusha mkono wa mafuta polepole sana, kama unayemwaga mafuta kwenye kibatari. Kwa sensa nyingi inaanza chini ya volti 1 na kupanda taratibu hadi karibu 4. Ikiruka na kugusa sifuri mahali pale pale kila unapopita, sensa imelika ndani. Ikiruka bila mpango, acha mkono wa mafuta, shika waya wa sensa na uuchezeshe kwenye konekta, halafu kwenye kona ya fremu unapokunjika. Namba ikicheza unapougusa, tatizo umelishika mkononi.

Hatua ya 7: Kuandika ramani mpya kwenye ECU

Somo hili haligusi huko. Kama utaenda, hifadhi kwanza ramani ya asili (majedwali ya mafuta na cheche yaliyomo ndani ya ECU) ikiwa ECU yako inaruhusu kuisoma, na umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kubaki na ECU isiyoamka.

Maswali ya wanachama

Mnyororo Mkavu: Mkuu shukrani. Waya wangu unaonyesha alama ya njano kwenye Device Manager na draiva ya FTDI inakataa kuingia. Muuzaji aliniapia ni FTDI.

Jibu: Usibishane na muuzaji, uulize waya wenyewe. Fungua sifa zake, Details, kisha Hardware Ids. Ukiona VID_0403 na PID_6001 ni FT232, au bandia inayojifanya. Ukiona 1A86 na 7523 ni CH340, tafuta draiva yake, nayo itafanya kazi kwenye programu zinazotumia poti ya COM ya kawaida. Ukiona 0403 na PID ya 0000, waya wako umepitiwa na mambo ya mwaka 2014, wakati draiva mpya ya FTDI iliyosambazwa kupitia Windows Update ilipozifutia chipu bandia namba yao ya utambulisho.

Gia ya Kwanza: Mimi nina kile kidude cha Bluetooth cha magari, ELM327. Si nitafute adapta tu nisome kwa simu?

Jibu: Kwa pikipiki ya CAN inayofuata OBD ya kawaida (ule mfumo wa kusoma hitilafu unaotumika kwenye magari), misimbo utaisoma. Nywila ya kuunganisha huwa 1234 au 0000. Kwa K-Line, ELM327 bandia nyingi zimepunguzwa amri kadhaa na hazijui kupiga hodi sawasawa. Na hata zikiweza, mambo ya ndani ya kiwanda, kama kurekebisha sifuri ya throto, yanahitaji programu ya pikipiki hiyo.

Binti wa Gereji: Kaka, natumia Linux. Waya unaonekana kama ttyUSB0 ila programu inasema haina ruhusa.

Jibu: Dada, umeshamaliza kazi ngumu. Draiva ya FTDI imo tayari ndani ya Linux. Jiongeze kwenye kundi la dialout, toka kwenye akaunti na uingie upya. Kama unakoendesha kundi hilo halipo, angalia `ls -l /dev/ttyUSB0` ikuonyeshe kundi lenye ruhusa.

Siti ya Nyuma: Honda yangu ina soketi nyekundu ya pini 4 na sina waya wowote. Nisubiri?

Jibu: Si lazima. Honda nyingi za injekta huhesabu hitilafu kwa taa ya dashibodi. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya zile pini mbili zinazotajwa kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako, kisha fungua swichi. Usibahatishe pini, nyingine ina umeme. Mmweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja: mrefu mmoja na mifupi miwili ni 12, yaani injekta. Mifupi saba ni sensa ya joto la injini, minane ni throto. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kumweka, hakuna kilichohifadhiwa.

Klachi Laini: Mbona mimi nasoma kila siku bila kutoa fyuzi ya taa na haikatiki? Naona umeongeza chumvi.

Jibu: Betri yako mpya hiyo. Tuongee mwakani.

Plagi Nyeusi: Ya CAN haisomi kabisa, waya ni mzuri maana kwenye pikipiki ya jirani unasoma. Naanzia wapi na mita?

Jibu: Chomeka kwenye pikipiki adapta yako inayogeuza soketi yake kuwa ya OBD ya pini 16, upime kwenye pini hizo 16. Swichi ikiwa wazi, kati ya pini namba 16 na pini namba 4 kuwe na volti sawa na za betri. Pasipokuwepo, tafuta fyuzi. Kisha zima swichi, toa kibanio cha hasi cha betri, pima omu kati ya pini 6 na 14. Karibu 60 ni sawa, kwa sababu kwa kawaida kuna vizuizi viwili vya umeme (rezista) vya omu 120, kimoja kila mwisho wa nyaya. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana mahali. Leta namba uliyoipata.

Plagi Nyeusi: Nimepata 119.

Jibu: Fuata nyaya hizo mbili kuelekea dashibodi, uanze na konekta iliyo nyuma yake. Mara nyingi kizuizi kimoja kimo ndani ya dashibodi.

Plagi Nyeusi: Pini moja ilikuwa imerudi nyuma. Nimeisukuma hadi ikalia "tik". Sasa 60.4 na inasoma.