Namna ya Kuifuata Safari ya Mani Ratnam, Filamu kwa Filamu

Anayetaka kuielewa kazi ya Mani Ratnam, mwongozaji wa filamu za Kitamil aliyezaliwa Madurai, kusini mwa India, mwaka 1956, asianze na filamu yake ya kwanza. Ile ya mwaka 1983 ilikuwa ya Kikannada, iliyofuata ya Kimalayalam, lugha nyingine za kusini mwa India, na mtu huyu aliyesomea usimamizi wa biashara alikuwa bado anajifunza uongozaji akiwa kazini.

Anza na Mouna Ragam ya mwaka 1986, ambamo mume anamuuliza mkewe waliyefunga naye ndoa juzi anataka zawadi gani, naye mke anajibu kwamba anataka talaka. Kisha tazama Nayakan ya mwaka uliofuata, na uitazame mara mbili: mara ya kwanza mfuate mwigizaji Kamal Haasan, aliye mkuu wa wahalifu, kutoka ujana hadi uzee, mara ya pili usiangalie ila mwanga, kwa sababu mpiga picha P. C. Sreeram aliziacha nyuso nyingi katika nusu giza, na giza hilo linamfaa mtu ambaye mjukuu wake atamuuliza kama ni mwema au mbaya, naye akose jibu.

Hatua ya tatu ni ya masikio. Sikiliza nyimbo za Thalapathi ya mwaka 1991, filamu ya mwisho aliyotungiwa muziki na Ilaiyaraaja, halafu papo hapo zile za Roja ya mwaka 1992, ambayo ndiyo iliyomtambulisha mtunzi A. R. Rahman. Utasikia mwongozaji akihama zama bila kuacha alichokuwa akikitafuta. Thalapathi yenyewe itakugusa zaidi ukiwa umesoma kwanza kisa cha shujaa Karna katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, kwani ndicho kilichovishwa mavazi ya leo.

Iruvar ya mwaka 1997 itengee jioni nzima. Haikupata watazamaji wengi ilipotoka, nami naiona kuwa kazi yake bora kuliko zote: marafiki wawili, mmoja mwigizaji na mwingine mwandishi, wanaingia katika siasa za Tamil Nadu, jimbo la Watamil, na kugeuka wapinzani, na kamera inawazunguka muda mrefu bila kukatizwa.

Zote hizi zitazame kwa Kitamil pamoja na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, wala usikubali nakala zilizowekewa sauti za lugha nyingine. Isipokuwa mwaka 2010: hapo aliipiga picha hadithi moja kwa lugha mbili, na mwigizaji Vikram, aliye mhalifu katika Raavanan ya Kitamil, ndiye afisa wa polisi katika Raavan ya Kihindi. Zitazame zote mbili.

Ponniyin Selvan, yenye sehemu mbili za mwaka 2022 na 2023, iwekwe mwishoni. Kabla ya kuifungua, chora kwenye karatasi ukoo wa wafalme wa Chola, watawala wa kale wa kusini mwa India, waliomo, la sivyo majina yatakuchanganya kabla saa ya kwanza haijaisha.