Somo: Kuchoma Hambaga Nyumbani Isikauke

Hambaga nyingi za nyumbani hutoka motoni zikiwa kavu na ngumu, zimevimba katikati na kusinyaa upana mpaka mkate unazizidi. Mpishi hulaumu moto. Moto una sehemu yake, lakini mara nyingi nyama hiyo ilikwisha kuharibika mezani kabla mkaa haujawashwa: haikuwa na mafuta, ilikandwa kupita kiasi, ikatiwa chumvi mapema.

Kuna jambo moja la kulielewa kabla hujashika nyama. Nyama ya kusaga inatakiwa iive mpaka katikati ifike nyuzijoto 71 za Selsiasi, na hicho ndicho kiwango kinachotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Steki huweza kuliwa ikiwa bado nyekundu ndani kwa sababu vijidudu hukaa juu ya nyama, na moto huviua hapo hapo. Ukisaga, kilichokuwa juu kinaingia ndani. Mwaka 1993 huko Marekani watu zaidi ya 700 waliugua kwa bakteria aina ya E. coli O157:H7, wengi wao baada ya kula hambaga ambazo hazikuiva vizuri, na watoto 4 walifariki. Kwa hiyo kiwango hiki hatukichezei.

Ugumu ni kwamba nyama haisubiri nyuzijoto 71 ndipo ianze kutoa maji. Ikifika 60 hivi, tishu zinazoshikilia misuli huanza kusinyaa na kuikamua. Ukifikia kiwango cha usalama, sehemu kubwa ya maji imeshatoka, upende usipende. Kinachobaki cha kuilainisha ni mafuta yaliyomo, na nafasi ndogo ndogo kati ya chembe za nyama ambamo mafuta hayo hukaa. Hatua zote za somo hili zinalinda vitu hivyo viwili.

Mahitaji ya hambaga 4: nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 700, chumvi laini kijiko 1 cha chai, pilipili manga, mikate 4 ya duara, siagi kidogo. Vya kuweka juu chagua mwenyewe.

HATUA YA 1: Nyama

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Omba nyama ya bega au ya shingo, kwa kuwa ina ladha nzito na mafuta yaliyochanganyika na nyama yenyewe. Lengo ni mafuta asilimia 20, yaani katika gramu 700, mafuta yawe kama gramu 140. Bega likiwa jembamba, ongeza kipande cha kidari chenye mafuta. Sarara iache kwa mapishi mengine: ni laini ikiwa nzima, lakini ukiisaga haina mafuta ya kutosha na itakauka.

Isagwe mara moja tu, kwa sahani yenye matundu makubwa. Ukisaga mara mbili kwa matundu madogo unapata uji wa nyama, ambao ukipata joto unashikana na kuwa kitu kimoja kigumu. Kama unasaga mwenyewe, kata vipande vya sentimita 2 au 3, vitandaze kwenye sinia na uviweke kwenye friza dakika 20 hadi 30 mpaka kingo zianze kukakamaa. Mashine nayo iwe baridi. Mafuta yakiwa baridi hukatika vipande vipande. Yakiwa na joto husagika na kupaka kila kitu, kisha jikoni huyeyuka na kumwagika yote kwa pamoja. Asiye na mashine anaweza kukatakata kwa kisu kizito mpaka apate chembe ndogo. Ni kazi, lakini matokeo yake ni mazuri sana.

HATUA YA 2: Kuunda

Gawanya nyama mafungu 4 ya gramu 175. Kusanya kila fungu kwa mikono iliyoloweshwa maji baridi, lishikane tu lisimeguke, kisha libonyeze liwe bapa. Usiligongegonge wala usilikande. Upana uwe sentimita 12 na unene sentimita 1.5, yaani lizidi mkate wa sentimita 10 kwa sababu litapungua likiiva. Kisha kwa kidole gumba fanya kibonyeo kipana katikati. Kingo huiva mapema na kujikaza kama mkanda kiunoni, na nyama ya katikati ikikosa pa kwenda inafura juu. Kile kibonyeo kitajaa chenyewe na hambaga itatoka bapa. Usipokiweka utashawishika kuibonyeza nyama ikiwa motoni, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote.

Rudisha madonge kwenye friji wakati unawasha moto.

HATUA YA 3: Chumvi

Chumvi haichanganywi ndani ya nyama. Inanyunyizwa juu, pande zote mbili, dakika moja au mbili kabla ya kuweka motoni. Chumvi ikikaa ndani ya nyama ya kusaga huyeyusha baadhi ya protini, nazo zikishaiva hushikana na kuifanya nyama iwe na mvutano wa soseji. Kwa soseji ndilo linalotakiwa. Kwa hambaga tunataka nyama inayoachia ukiing'ata. Pilipili manga inatosha kuandamana nayo, na nyama nzuri haihitaji zaidi.

HATUA YA 4: Moto

Washa mkaa na usubiri mpaka makaa yafunikwe na majivu ya kijivu. Usianze kuchoma moshi ukiwa bado mzito, maana nyama hunyonya harufu yake. Kisha sogeza makaa mengi upande mmoja, upande wa pili ubaki mtupu. Upande wenye makaa ni wa kutia rangi. Upande mtupu ni wa kukimbilia mafuta yakidondoka na miali ikapanda. Pima joto kwa kiganja: kiweke kama sentimita 12 juu ya wavu. Kama unashindwa kuvumilia zaidi ya sekunde 2 au 3, moto uko tayari. Safisha wavu kwa brashi ungali moto, upake mafuta kwa kitambaa kilichoshikwa na koleo, halafu kagua usije ukaacha unywele wa chuma wa brashi pale.

HATUA YA 5: Kuchoma

Weka madonge juu ya makaa, upande wenye kibonyeo ukiangalia juu, na uyaache. Ukijaribu kuinua mapema nyama itang'ang'ania wavu na kupasuka. Ikishapata ukoko wa kahawia huachia yenyewe. Kwa unene huu ni dakika 3 hadi 4. Geuza kwa mwiko bapa, kisha dakika nyingine 3 hivi. Ukipenda kugeuza mara nyingi baada ya hapo, geuza bila hofu, nyama itaiva kwa usawa zaidi. Linalokatazwa ni kubonyeza. Ule mlio wa kuchuruzika unaowafurahisha watu ni mafuta na maji ya hambaga yako yakiungua juu ya mkaa.

Ingiza kipimajoto kwa ubavuni, ncha ifike katikati. Kikisoma 71, toa. Hapa dakika moja ina thamani kubwa: nyama iliyotoka kwa 71 na ile iliyosahauliwa mpaka 80 ni vyakula viwili tofauti. Kama unaweka chizi, iweke katika dakika ya mwisho na ufunike.

HATUA YA 6: Kupumzisha na kupanga

Iache kwenye sahani safi, si ile iliyobeba nyama mbichi, kwa dakika 3. Wakati huo paka siagi ndani ya mikate na uikaushe juu ya wavu mpaka ipate rangi, ili isilowe haraka. Weka mchuzi mzito na majani chini ya nyama, nyanya na vitunguu juu. Kula mara moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Mimi nimezoea kuweka yai na chenga za mkate ili nyama isimeguke. Nayo ni makosa?

Jibu: Karibu sana, dada. Si makosa, ila unapata chakula kingine, karibu na kababu. Yai ni protini, nayo ikiiva hukaza. Nyama yenye mafuta asilimia 20 iliyosagwa ikiwa baridi hushikana bila msaada. Ikikumegukia, mara nyingi imekosa mafuta, au imegeuzwa kabla ya kupata ukoko. Na kama umezoea kuchanganya kitunguu kibichi ndani, jaribu kukikaanga na kukiweka juu, kwa sababu kile kibichi hutoa maji na kuacha nyufa.

Swali: Ninakopata nyama wana ya kusaga isiyo na mafuta tu. Nifanyeje?

Jibu: Hapo ndipo mkate unaponisaidia hata mimi. Chukua kipande 1 cha mkate mweupe, ondoa ganda, kiloweke kwenye vijiko 3 vya chakula vya maziwa, kiponde kiwe uji mzito, kisha kichanganye taratibu na gramu 700 za nyama. Wanga wa mkate hushika maji ambayo nyama ingeyaachia. Ongeza kijiko kimoja cha siagi baridi iliyokunwa. Njia hii inafaa pia ukijua hambaga zitapita 71, kwa mfano unapopikia watu wanaotaka nyama iliyokauka kabisa ndani.

Swali: Shikamoo mwalimu. Sina kipimajoto. Je, nikiona ndani si nyekundu tena si inatosha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rangi haikuhakikishii. Nyama ya kusaga huweza kugeuka kahawia kabla haijafika joto la usalama, na nyingine hubaki na uwaridi hata baada ya kulipita. Kipimajoto kidogo chenye ncha nyembamba ndicho kifaa pekee ninachokusihi ununue, hasa kama unapikia watoto wadogo, wazee au mama mjamzito. Mpaka utakapokipata, tengeneza madonge membamba ya sentimita 1, tumia ule mkate na maziwa, na uyape muda wa ziada kwenye upande usio na makaa. Yatapoteza kidogo, lakini utalala kwa amani.

Swali: Mbona nimeona wapishi wanaibonyeza nyama kwa nguvu kwenye bamba la chuma, na bado inatoka tamu?

Jibu: Swali zuri, kaka. Wale hubonyeza donge baridi ndani ya sekunde 30 za mwanzo, kabla mafuta hayajayeyuka, kwa hiyo hakuna cha kukamua bado. Wanatafuta ukoko mwingi juu ya nyama nyembamba, na mafuta yanabaki kwenye bamba ikikaangika humo. Juu ya wavu yangedondokea motoni. Kama una kikaango kizito cha chuma jaribu namna hiyo, ila ukishapita nusu dakika ya kwanza mkono uutoe.

Swali: Jiko langu ni la gesi, je hatua zinabadilika?

Jibu: Kidogo tu. Funika na uliwashe kwa moto mkubwa dakika 10 hadi 15, kisha upande mmoja uupunguze kabisa. Mengine ni yale yale.

Swali: Miali ikipanda nimwagie maji?

Jibu: Hapana. Maji hurusha majivu na mafuta ya moto, yanaweza kukuunguza. Hamishia nyama upande mtupu, funika jiko ili hewa ipungue, subiri itulie. Na usiiache nyama ndani ya miali ukidhani inapata ladha, inapata masizi.

Swali: Nina wageni 20 Jumamosi. Naweza kuunda madonge Alhamisi?

Jibu: Unaweza, bila chumvi. Nyama mbichi ya kusaga inakaa kwenye friji, nyuzijoto 4 au chini ya hapo, siku 1 hadi 2, kwa hiyo Ijumaa ingekuwa bora. Ukitaka mapema zaidi, gandisha: tenganisha madonge kwa karatasi ya kuokea, yagandishe kwenye sinia, halafu yafunge yasipate hewa. Yayeyushe ndani ya friji usiku kucha, si mezani.

Siku yenyewe usichome yote 20 kwa mkupuo. Hutaweza kuyafuatilia, na nusu yake yatapita joto. Choma 6 au 8 kwa awamu, kila awamu iende moja kwa moja kwenye mikate. Ile mbichi inayosubiri ibaki kwenye friji, uitoe awamu kwa awamu.

Swali: Na ya kuku?

Jibu: Ya kuku inahitaji nyuzijoto 74. Tumia paja badala ya kidari, pamoja na ule mkate na maziwa, na uipake mafuta nje kabla ya kuiweka juu ya wavu maana hung'ang'ania kuliko ya ng'ombe.