Kutambua saratani adimu ya pua inayohusishwa na kirusi cha HPV

Mgonjwa anayeingia kliniki hapa Tanga na kusema pua yake imeziba, mara nyingi ana mafua au mzio, na daktari hakosei akianza na dhana hiyo. Lakini pua inayoziba upande mmoja tu kwa wiki kadhaa, ikawa inatoa makamasi yenye damu au muhina usioisha upande huohuo, si pua ya kuandikiwa chupa nyingine ya matone. Ulizeni pia juu ya shavu kufa ganzi, jicho kutokeza, kuona vitu viwili-viwili na meno ya juu kulegea, kisha mpapase shingo kutafuta tezi zilizovimba.

Miongoni mwa uvimbe unaoweza kupatikana huko ndani ipo saratani iitwayo kwa Kiingereza HPV-related multiphenotypic sinonasal carcinoma, ambayo wengi hatukufundishwa chuoni, kwa kuwa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2010 na wataalamu wa patholojia wa Marekani, yaani wanaochunguza vipande vya mwili kwa hadubini. Hukaa katika tundu la pua na katika sainasi, yaani zile nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso, na huhusishwa na virusi vya papiloma ya binadamu (HPV) vya kundi hatari, yaani aina zinazoweza kuleta saratani, hasa aina ya 33. Huwapata watu wazima, wanawake kwa wanaume.

Hatua ya kwanza ni kuchungulia pua kwa endoskopu, yaani mrija mwembamba wenye taa na kamera, pamoja na nyuma yake kwenye koromeo la juu, kwa sababu saratani ya huko ni nyingine na hufungamana na kirusi cha Epstein-Barr. Inayofuata ni picha. CT-skani huonyesha mfupa ulioliwa, na MRI hutenganisha uvimbe wenyewe na makamasi yaliyokwama nyuma yake, tena huonyesha kama umegusa jicho au sakafu ya ubongo. Picha itangulie kukata kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupima maabara, hasa uvimbe ukidunda, ukiwa juu karibu na ubongo, au mgonjwa akiwa kijana wa kiume anayetokwa damu nyingi, kwani kuna uvimbe wa mishipa ya damu ambao ukikatwa bila maandalizi humwaga damu isiyozuilika kwa urahisi.

Kuhusu kinyama chenyewe naomba msomaji anivumilie, kwa maana hapa ndipo nimeona majibu yakipotea. Nilipokea siku moja sampuli kutoka kituo fulani ikiwa katika chupa ya dawa yenye mdomo mwembamba, imezama katika maji ya chumvi, imesafiri kwa basi mchana kutwa. Ilipofunguliwa ilikuwa imelainika kama ute na hakuna kipimo kilichofaa tena. Mgonjwa alilazimika kukatwa upya. Tumieni chombo chenye mdomo mpana, formalini (dawa ya kuzuia kinyama kisioze) ya asilimia 10 iliyo mara 10 ya ujazo wa kinyama, na lebo ibandikwe ubavuni mwa chombo, si kwenye kifuniko. Chukueni vipande kadhaa, na kimojawapo kiwe na ngozi laini inayofunika ndani ya pua, kwa sababu seli zilizoharibika za ngozi hiyo ni dalili inayomsaidia sana mtaalamu.

Chini ya hadubini saratani hii hudanganya. Seli zake hujipanga kama za saratani ya tezi za mate iitwayo adenoidi sistiki, zikiwa na vitundu vya duara kama chekecheo, na sehemu nyingine hufanana na saratani ya ngozi laini. Mtaalamu asiharakishe kuipa jina. Aanze na kipimo cha protini ya p16, ambacho katika saratani hii hupaka rangi karibu seli zote, lakini asiishie hapo: p16 huweza kuwa chanya katika uvimbe mwingine wa pua usio na kirusi chochote. Kinachothibitisha ni kipimo kinachotafuta RNA (nakala za jeni) ya kirusi ndani ya seli zenyewe, nacho lazima kijumuishe aina ya 33, maana kinachotafuta aina za 16 na 18 pekee kitasema hakuna kitu. Adenoidi sistiki ya kweli kwa kawaida haina kirusi hicho, na mara nyingi hubeba mabadiliko ya jeni ya MYB, ambayo katika saratani hii ya HPV hayaonekani.

Ikiwa vipimo hivyo havipo karibu, sampuli ipelekwe Dar es Salaam pamoja na picha na maelezo ya mgonjwa, badala ya kuandika jina la kubahatisha. Jina hapa lina uzito kwa mgonjwa na jamaa zake: saratani hii huonekana kali kwenye hadubini, ilhali mwenendo wake kwa kawaida ni wa taratibu, huweza kurudi palepale ilipotolewa, lakini kusambaa mbali na kuua ni nadra.

Kwa kuwa huweza kurudi hata baada ya miaka, mgonjwa apewe tarehe ya kuchunguliwa tena kabla hajaondoka, na bonge la nta lenye kinyama chake lihifadhiwe maabara likiwa na namba inayosomeka, ili uvimbe mpya ukitokea ulinganishwe na ule wa kwanza.