Kutumia "never" katika sentensi bila kukanusha mara mbili

Anayejifunza Kiingereza baada ya Kiswahili huteleza kwenye neno "never" kwa sababu moja kuu, nayo haitokani na uzembe wake bali na sarufi njema ya lugha aliyoizoea. Kwetu, maneno kamwe, katu na abadani hayakanushi sentensi yakiwa peke yake, bali hukazia ukanushi ambao kitenzi kimekwisha kuubeba. Tunasema "Siendi kamwe", na tukimsikia mtu akisema "Ninaenda kamwe" tunajua mara moja kwamba bado anajifunza. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa namna nyingine: "never" ndilo linalokanusha, na kitenzi hubaki katika umbo la kukubali. Ndivyo neno lenyewe lilivyoundwa tangu Kiingereza cha kale, ambamo "ne", yaani si, iliungana na "æfre", yaani wakati wowote, yakawa "næfre". Ninafundisha wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza, na hatua zifuatazo ndizo ninazowapitisha.

Hatua ya kwanza: kiondolee kitenzi ukanushi wake

Andika kwanza sentensi yako kwa Kiswahili: "Baba hanywi pombe kamwe." Pigia mstari kila kinachokanusha ndani ya kitenzi, yaani ha- ya mwanzo na -i ya mwisho. Sasa igeuze sentensi hiyo iwe ya kukubali, "Baba hunywa pombe", kisha uiandike kwa Kiingereza: "My father drinks alcohol." Ukishaipata, ingiza "never" kabla ya kitenzi: "My father never drinks alcohol."

Ninasisitiza mpangilio huu, hata kama unaonekana mrefu, kwa sababu unazuia makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni "My father doesn't never drink alcohol", ambamo ukanushi umeingia mara mbili. Wapo wenyeji wa Kiingereza wasemao hivyo katika lahaja zao, lakini katika maandishi rasmi na katika mitihani huhesabiwa kuwa kosa. La pili ni "My father never drink alcohol". Mwanafunzi anayeandika hivyo amekumbuka kwamba baada ya "does not" kitenzi hupoteza "s", akadhani "never" nalo hufanya vivyo hivyo. Halifanyi. Kwa kuwa "does" haimo katika sentensi, "s" ya nafsi ya tatu umoja hubaki mahali pake.

Hatua ya pili: liweke neno mahali pake

Kamwe huweza kukaa mwishoni mwa sentensi. "Never" kwa kawaida halikai huko. Hutangulia kitenzi kikuu, kama tulivyoona, lakini hufuata "am", "is", "are", "was" na "were": "My mother is never late." Penye kitenzi kisaidizi, hukaa baada yake: "You should never sign a contract before reading it." Visaidizi vikiwa viwili, hufuata kile cha kwanza: "This house has never been sold."

Hatua ya tatu: tofautisha sijala na sijawahi kula

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi watulie, kwa kuwa Kiswahili chetu tayari kinatofautisha maana ambazo wao huzichanganya wakifika kwenye Kiingereza. "Sijala" ina maana kwamba tendo halijafanyika hadi sasa lakini linatarajiwa, kwa hiyo Kiingereza chake ni "I have not eaten yet". "Sijawahi kula pweza" inazungumzia maisha yote ya msemaji hadi leo, na hapo ndipo "never" linapostahili: "I have never eaten octopus." Mgeni akiulizwa na mwenyeji wake kama amekula chakula cha mchana, naye akajibu "I have never eaten", atakuwa amesema kwamba tangu azaliwe hajawahi kula.

Vivyo hivyo, tazama -ja- na -ku-. "Sijawahi kukutana na jirani yetu mpya" huacha mlango wazi, maana huenda tukakutana kesho: "I have never met our new neighbour." "Sikuwahi kukutana na babu yangu" husemwa na mtu ambaye babu yake amekwisha kufariki, na mlango umefungwa: "I never met my grandfather." Basi sijawahi hukupeleka kwenye "have never", na sikuwahi kwenye "never" pamoja na kitenzi cha wakati uliopita. Tukio la siku moja, kama "Hakuja jana", liandikie "He did not come yesterday" na uliache "never".

Hatua ya nne: chagua maneno yanayofuatana nalo

Katika hatua hii Kiswahili kinakuongoza vizuri kabisa. "Sijawahi kumwambia mtu yeyote" ni "I have never told anyone", wala si "no one". Yeyote, chochote na popote huwa "anyone", "anything" na "anywhere".

Katika makatazo, "never" hutangulia bila "do not": "Kamwe usiguse waya wenye umeme" ni "Never touch a live wire."

Hatua ya tano: jibu maswali kwa "no" ya Kiingereza

"Umewahi kufika Lamu?" ni "Have you ever been to Lamu?", kwa neno "ever". Ugumu huja swali linapokuwa la kukanusha: "Hujawahi kufika Lamu?" Mswahili hujibu "Ndiyo, sijawahi", kwa maana kwamba anaafiki kauli ya muulizaji. Kiingereza hakitazami kauli ya muulizaji bali hutazama tendo lenyewe: kama halikufanyika, jibu ni "No, never", na kama lilifanyika, ni "Yes, I have".

Lifanyie jambo hili mazoezi kwa sauti, mkiwa wawili, kwa sababu athari yake ni kubwa. Nesi asemaye Kiingereza akikuuliza "You have never had an operation?", nawe hujawahi kupasuliwa, jibu lako ni "No, never". Ukijibu "Yes" pekee, ukifikiri umemwafiki, anaweza kuandika katika faili lako kwamba uliwahi kupasuliwa, kisha akakuuliza ilikuwa mwaka gani.